Kiwanja cha Kando ya Bwawa na Mimba ya Kwanza

Anayenunua kiwanja kando ya Mtera mwezi Novemba anaweza kuwa ananunua sakafu ya bwawa. Mtera, bwawa la umeme lililouzuia Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, huendeshwa kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mita 8.5 zinasikika kama kitu kidogo. Lakini ardhi ikiwa tambarare, tuseme inashuka mita 1 kwa kila mita 200, maji yanasogea kilomita 1.7 kutoka bwawa likiwa chini kabisa hadi likijaa. Palipokuwa na shamba la mahindi panapita mtumbwi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, ziwa, mto au bwawa. Swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hizo 60 zimepimwa kutoka wapi. Ushauri wangu ni kupima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika, nayo wavuvi wazee wa eneo hilo wanaijua. Maji mnayoyaona siku ya kulipa si kipimo.

Sasa ongezeni mimba ya kwanza juu ya ujenzi huo. Ni jambo la kawaida, kwani wengi huanza kujenga kwa sababu mtoto yuko njiani. Hapo kuna kalenda tatu na hakuna hata moja inayokubali rushwa. Mimba ni wiki 40. Zege hupimwa nguvu yake ikitimiza siku 28. Msimu wa mvua Dodoma ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mimba iliyoingia Juni inamleta mtoto Machi, katikati ya matope, bwawa likiendelea kupanda.

Kwa mimba kama hiyo, msingi usivuke Agosti na bati liwe juu kabla Novemba haijaisha. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ya kiangazi ndiyo yenye upepo mkavu unaonyonya maji ya zege. Funikeni jamvi na linta kwa magunia, mmwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Fundi anayedai siku mbili zinatosha anawahi kibarua kingine.

Maji yenyewe nayo yaangaliwe. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma, lina maji ya chumvi, na visima vingi vya mkoa viko hivyo hivyo. Mkikorogea zege hayo maji, chumvi inakula nondo kimyakimya kwa miaka. Kwenye plasta mtaona unga mweupe ukitoka na rangi ikibanduka. Maji yasiyonyweka yasiingie kwenye zege yenye nondo. Na kama udongo ni ule mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, uondoeni wote chini ya msingi mjaze kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa, la sivyo kuta zitapasuka mvua ya kwanza tu.

Mama mjamzito akae mbali na dawa ya mchwa inayomwagwa kabla ya jamvi, na mbali na rangi ya mafuta na tina. Kubwa zaidi ni mbu. Dodoma ni mkoa wenye malaria kidogo, na hapo ndipo watu wanapojisahau: asiyezoea malaria hana kinga, na mimba ya kwanza ni dhaifu zaidi kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, ambamo mwili haujawahi kupambana navyo. Ujenzi kando ya maji unaongeza mazalia: mashimo ya udongo, pipa la kumwagilia, mtaro ulioziba. Fukieni mashimo, funikeni mapipa. Mama alale ndani ya chandarua cha kliniki na asikose vidonge vya SP vya kuzuia malaria anavyopewa huko. Asiingie bwawani kuchota maji peku, maana kichocho hupatikana humo.

Fedha zikianza kukata, na zitakata, watu hukimbilia dari la jipsamu na malumalu za sebuleni ili wageni wa kumwona mtoto wasicheke. Vyote hivyo vingoje. Vinavyotakiwa mtoto anapofika ni choo kinachofanya kazi, maji safi, wavu madirishani na plasta iliyokauka kweli. Plasta iliyopigwa Februari haikauki kwa wiki mbili; chumba kinabaki na ukungu, na mapafu ya kichanga hayafai kuwekwa humo.

Baba naye asijidanganye kwamba atamalizia akiwa likizo. Sheria ya ajira inampa siku 3 za malipo mtoto akizaliwa, mama 84. Siku tatu hazitoshi hata kubishana na fundi wa bomba.

Kutoka Mtera hadi hospitali kubwa za mjini Dodoma ni zaidi ya kilomita 100. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa hiyo bati lisipokuwa juu kufikia mwisho wa Novemba, simamisheni kazi, funikeni saruji, pangeni chumba mjini mapema. Mtoto azaliwe huko. Nyumba mtaimalizia Mei.