Mtume, Mtumwa, Mtumishi: Utangulizi

Katika nyumba nyingi za kwetu, chakula hakianzi na sahani. Kinaanza na jagi la maji ya vuguvugu na beseni. Binti wa nyumba anazunguka, anapiga goti mbele ya kila mgeni, anamimina. Mgeni ananawa huku akiendelea na mazungumzo yake. Hakuna anayeona ajabu. Sasa mwenye nyumba mwenyewe, mzee wa miaka 70, ainuke alichukue jagi lile. Wageni watasimama wote. “Hapana mzee, keti, lete hapa!” Nimeliona jambo hilo mara moja tu maishani, na kwa robo saa nzima hakuna aliyekula kwa raha.

Petro naye aligoma, Yesu alipotaka kumwosha miguu. Msomaji aliyewahi kunawishwa na mtu anayemzidi heshima hahitaji mwalimu wa kumfafanulia Yohana 13. Anajua tayari kwamba kuosha miguu ya watu ni kazi, lakini kukubali kuoshwa na Bwana wako ni kazi kubwa zaidi.

Elimu inayochunguza mambo haya huitwa diakonia. Ni neno la Kigiriki, na Wakristo wengi hapa kwetu wamelikutia ofisini kabla ya kulikutia darasani: Idara ya Diakonia, mara nyingi mlango wa mwisho wa korido, penye magunia ya mahindi na kiti cha magurudumu kinachosubiri mwenyewe. Karibu ndani. Chumba ni kikubwa kuliko mlango wake.

Anza na maneno, maana ndiyo yaliyonivuta mimi mwenyewe. Kiswahili kimelibeba fungu hili la Kigiriki kwa mikono kadhaa. Tuna huduma na mhudumu, kutoka Kiarabu. Tuna shemasi, lililopitia Kiarabu pia, na asili yake ya Kisiria ni mtumishi tu. Ufungue Biblia ya Union ya mwaka 1952 uone linavyogawanyika: katika Wafilipi 1:1 wanaosalimiwa pamoja na maaskofu ni mashemasi; katika Warumi 16:1 Fibi wa Kenkrea ni mhudumu. Kwa Kigiriki ni neno lilelile, *diakonos*. Sidhani watafsiri walikuwa na hila. Masikio yao tu hayakuwa yamezoea shemasi mwanamke, na neno likahama lenyewe. Mijadala ya miaka mingi kuhusu wanawake na daraja za kanisa imejificha katika badiliko hilo moja.

Halafu kuna maneno yetu wenyewe: mtume, mtumwa, mtumishi. Yote matatu yametoka katika kitenzi kimoja, kutuma. Mtume ametumwa, mtumwa ametumwa, mtumishi anatumika. Mzungumzaji wa Kiswahili anayatamka kila siku bila kusikia undugu wake. Yohana 13:16, mara tu baada ya beseni kuwekwa kando, inawaweka mtumwa na mtume katika sentensi moja.

Nalisisitiza hili kwa sababu liko katikati ya ubishi mkubwa wa fani yetu. Kwa muda mrefu wataalamu walifundisha kwamba diakonia ni huduma ya chini, ya mezani, ya kujishusha. Kamusi kuu ya Kijerumani ya maneno ya Agano Jipya, iliyoanza kutoka miaka ya 1930, ilisimama hapo, na nyuma yake kulikuwa na karne nzima ya nyumba za mashemasi wanawake, zilizoanza kwa Theodor Fliedner kule Kaiserswerth mwaka 1836. Mwaka 1990 Mwaustralia John N. Collins akatoa kitabu kilichopitia upya maandishi ya Kigiriki cha kale. Alichokiona ni kwamba *diakonos* mara nyingi ni mjumbe, mtu aliyekabidhiwa jambo na mwingine alipeleke. Unyonge haumo katika neno lenyewe. Uzito wake uko kwa aliyemtuma.

Wapo wanaoona Collins amezidisha. Mimi naona ametuambia kitu ambacho kitenzi chetu kilikuwa kimeshakihifadhi. Ukisoma Matendo 6 kwa jicho hilo utashangaa. Luka anatumia neno lilelile kwa ugawaji wa chakula cha wajane na kwa kazi ya mitume ya kulihubiri Neno. Wale saba waliochaguliwa kwa ugawaji huo hawaitwi mashemasi hata mara moja. Majina yao yote ni ya Kigiriki, yaani funguo za ghala zilikabidhiwa upande ule wa wasemao Kigiriki, uliokuwa unalalamika kuonewa. Na wawili kati yao, Stefano na Filipo, sura zinazofuata tunawakuta wakihubiri. Mezani hatuwaoni tena.

Lakini pwani yetu hairuhusu mtu alichezee neno mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa papo hapo. Miongoni mwa watu wa kwanza kufundishwa kusoma na misheni ya kanisa hilo walikuwamo vijana waliotolewa majahazini, na Paulo anajitambulisha mwanzoni mwa Warumi kwa jina walilotoka kuvuliwa. Union imeandika mtumwa. Biblia ya Habari Njema ikachagua mtumishi. Ipi ni sahihi? Kwa Kigiriki, ya kwanza. Kwa aliyewahi kuuzwa, swali si la kamusi. Unyenyekevu unaohubiriwa na aliyeshiba kwa yule asiye na hiari ni unyang’anyi, na mwanafunzi wa diakonia asipolijua hilo ni heri asome kitu kingine. Litazame hata leo, kanisani kwako: ni nani anayemenya vitunguu siku ya harambee, na ni nani anayeitwa mezani kwanza?

Lutindi, katika milima ya Usambara, panafundisha zaidi ya vitabu vyangu. Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokewa wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi sasa chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kwa hiyo nyumba moja imebeba huruma, ukoloni, utumwa na ugonjwa ambao jamii iliuficha. Anayetaka kuisifu tu au kuilaani tu atakwama.

Kuna pia maswali makavu ya fedha na mikataba, nayo sitayarefusha hapa. Itoshe kusema kwamba kwa makubaliano kama yale ya mwaka 1992 kati ya serikali ya Tanzania na makanisa, hospitali teule ya wilaya inaweza kuwa ya kanisa huku mishahara mingi ikitoka serikalini. Nani, basi, amemtuma nesi wa zamu ya usiku?

Neno la mwisho ni la jina lenyewe. Siku hizi “Mtumishi!” ni salamu ya heshima, anayeitwa hivyo hubebewa begi na kuandaliwa kiti chenye kitambaa. Na Alhamisi Kuu moja nilikuwa mmoja wa 12 walioteuliwa kuoshwa miguu. Wote tulikuwa tumeshaiosha nyumbani. Jirani yangu alikuwa amenunua soksi mpya.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, chukua Biblia mbili za Kiswahili za tafsiri tofauti na kalamu ya risasi. Soma Yohana 13, Matendo 6 na Warumi 16 kwa sauti, ukizungushia kila mtume, mtumwa, mtumishi, mhudumu na shemasi. Mahali Biblia hizo mbili zinapotofautiana, andika tarehe pembeni. Tutarudi hapo.