Runinga bapa badala ya ile ya chogo: mnunuzi aangalie nini?

Katika baadhi ya sebule za Waswahili wanaoishi ughaibuni, runinga ya zamani yenye chogo kikubwa nyuma bado haijaondoka. Pengine imehamishiwa chumba cha bibi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake zimepangwa picha za wajukuu. Siku inapozimika na kukataa kuwaka tena, ndipo familia inapokwenda dukani na kukuta ukuta mzima wa vioo vyembamba, vyote vikionyesha samaki wa rangi na maporomoko ya maji, kila kimoja kikidai kumshinda jirani yake.

Swali la kwanza la muuzaji huwa ni fedha: mteja ana kiasi gani? Lakini lipo swali linalostahili kutangulia. Ile ya zamani ilikuwa ikifanya kazi gani nyumbani, na je, hii mpya itaweza kuifanya?

Inchi za jana na za leo

Ukubwa wa runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Runinga nyingi za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, linalokaribia mraba. Za sasa zina umbo la 16 kwa 9: pana, lakini fupi kwa kimo. Kwa sababu hiyo inchi za jana hazilingani na za leo. Kioo cha zamani cha inchi 29 kilikuwa na kimo cha sentimita 44 hivi, ilhali runinga bapa ya inchi 32 haizidi sentimita 40. Aliyekuwa na ile ya inchi 29 akanunua ya 32 akidhani amepiga hatua, atashangaa kuona uso wa msomaji wa habari umepungua.

Hesabu nyepesi ni kuzidisha inchi za zamani kwa 1.22. Inchi 29 zinakuwa 35, na hapo mnunuzi anajua kuwa asitazame chochote kilicho chini ya inchi 40.

Kipimo cha pili ni umbali kutoka kochi hadi kioo. Umbali unaofaa ni kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya mshazari. Kwa runinga ya inchi 43, yaani sentimita 109, hiyo ni kati ya mita 1.6 na 2.7. Ya inchi 65 inataka mita mbili na nusu ili macho yatulie, na si kila fleti ya London yenye nafasi hiyo.

Majina mengi, teknolojia mbili

Majina yaliyobandikwa kwenye maboksi ni mengi kuliko teknolojia zenyewe. Plazma haitengenezwi tena: Panasonic iliacha mwaka 2013, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Anayeuziwa plazma iliyotumika ajue kwamba ni nzito na inakula umeme. Zilizobaki ni za aina mbili. LCD huangazwa kwa taa zilizo nyuma au pembeni mwa kioo. Siku hizi taa hizo ni za LED, na ndiyo maana dukani huitwa LED. Katika OLED, kila nukta hujitolea mwanga wake, na inapozimwa inakuwa nyeusi kabisa. QLED, licha ya kufanana kwa jina, ni LCD iliyoongezewa utando wa kuboresha rangi.

OLED ina picha nzuri zaidi na bei ya juu. Ina kasoro moja inayozihusu nyumba ambazo kituo kimoja cha habari huachwa wazi tangu alfajiri hadi usiku: nembo inayokaa pembeni mwa kioo miezi nenda miezi rudi inaweza kuacha alama isiyofutika. Nyumba ya namna hiyo itatulia zaidi na LCD.

Kuhusu 4K, maana yake ni nukta 3,840 kwa 2,160, jumla ya takriban milioni 8.3, mara nne ya zile za kiwango cha 1,920 kwa 1,080. Tofauti hiyo huonekana kwenye kioo kikubwa kinachotazamwa kwa karibu. Kwa inchi 32 iliyoning'inizwa jikoni, jicho halitaiona.

Runinga za maonyesho huwa zimewekewa mng'ao wa kushindana na taa kali za duka. Mteja ana haki ya kuomba irudishwe kwenye mpangilio wa kawaida, kisha awekewe taarifa ya habari au tamthilia badala ya samaki. Uso wa mtu mweusi katika mwanga hafifu ni mtihani mzuri kuliko yote: kwenye kioo duni, mashavu, macho na kivuli huungana kuwa doa moja la giza.

Sauti iliyopotea

Wepesi wa runinga bapa una gharama yake. Chogo lile lilikuwa na nafasi ya spika nzuri, tena zilizomwelekea mtazamaji. Katika runinga nyembamba spika ni ndogo na mara nyingi hutazama chini au ukutani. Mzee anayelalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wananong'ona si lazima awe amepoteza masikio. Ni busara kutenga sehemu ya fedha kwa ajili ya spika ya nje, hata kama itabidi kupunguza inchi chache.

Mikanda ya harusi

Hapa ndipo familia nyingi hujikuta zimechelewa. Nyuma ya runinga ya zamani palikuwa na matundu ya waya za njano, nyekundu na nyeupe, au tundu pana la SCART kwa zile za Ulaya. Humo ndimo deki ya mikanda ya VHS ilimochomekwa. Runinga za sasa hutegemea HDMI, na nyingi zimeondoa matundu hayo ya zamani, au zimebakisha kitundu kimoja kinachohitaji waya wake maalumu.

Suala hili ni zito zaidi kwa watu waliotawanyika duniani, kwa sababu mikanda yao haikurekodiwa kwa mfumo mmoja. Kenya, Tanzania, Oman na Uingereza zilitumia PAL, wenye mistari 625. Marekani ilitumia NTSC, wenye mistari 525. Ufaransa na Kongo zilifuata SECAM. Mkanda wa harusi ya Mombasa ulipotumwa kwa shangazi aliyeko Chicago, haukuonekana sawasawa katika deki ya kawaida ya huko. Ndiyo sababu runinga na deki zilizouzwa Dubai, zenye uwezo wa kusoma mifumo yote mitatu, zilithaminiwa sana na kubebwa mbali. Runinga inayotaka kutupwa leo huenda ikawa ni mojawapo ya hizo.

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016. Deki zilizobaki ni zile zilizokwisha kutumika, na mikanda yenyewe huchakaa hata ikiwa imelala kabatini. Kwa hiyo kabla ya runinga na deki kutenganishwa, mikanda ihamishiwe kwenye kompyuta, ama kwa fundi ama kwa kifaa kidogo cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Mikanda ya marehemu itangulie.

Jambo jingine dogo: picha za mikanda hiyo ni za umbo la 4 kwa 3, na runinga mpya itaacha mistari myeusi pande zote mbili. Asiyeipenda hubonyeza rimoti na kuitanua picha, na bibi harusi aliyekuwa mwembamba mwaka 1988 hunenepa ghafla. Afadhali mistari myeusi.

Itakayosafirishwa nyumbani

Runinga inayonunuliwa ughaibuni mara nyingi huwa na safari ya pili. Baada ya miaka michache hupakiwa kwenye kontena kwenda Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Mwenye nia hiyo aangalie mambo mawili kabla ya kulipa.

La kwanza ni umeme. Marekani na Kanada hutumia volti 120, ilhali Uingereza, Oman, Kenya na Tanzania ziko kati ya 230 na 240. Kibandiko kilicho nyuma ya runinga ndicho chenye jibu. Kikiandikwa 100–240V, inatosha kubadili plagi. Kikiandikwa 120V pekee, runinga hiyo ikichomekwa moja kwa moja mjini Dar es Salaam itaungua. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma iongezwe kwenye hesabu.

La pili ni kunasa matangazo. Marekani ilizima mitambo mikubwa ya analojia tarehe 12 Juni 2009 na kuingia mfumo wa ATSC. Tanzania ilianza kuizima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikafuata mwaka 2015, nazo zilifuata mfumo wa DVB-T2. Antena ya Nairobi ikiunganishwa na runinga ya Marekani haitaleta picha yoyote. Hata hivyo, tatizo hili ni jepesi kuliko la umeme. King'amuzi kikiunganishwa kwa waya wa HDMI hufanya kazi yote ya kunasa, na waya huo haujali runinga ilinunuliwa nchi gani.

Safarini runinga bapa isimame wima ndani ya boksi lake la awali, kamwe isilazwe na kuwekewa mizigo juu. Waranti nayo kwa kawaida huishia katika nchi iliponunuliwa.

Na ile ya zamani?

Ikiwa bado inawaka, nyumbani Afrika Mashariki inaweza kutumika kwa king'amuzi chenye matundu ya waya za njano, nyekundu na nyeupe. Ikiwa imekufa, kuisafirisha ni jambo jingine. Sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zinataka kifaa cha umeme kilichotumika kinachopelekwa nje kiwe kimepimwa na kuthibitishwa kuwa kinafanya kazi. La sivyo kinahesabiwa kuwa taka, nacho kioo cha runinga za aina hii kina madini ya risasi yenye sumu. Anayekubali kumpakilia jirani runinga mbovu "ikatengenezwe huko huko" huenda anasafirisha taka hatari bila kujua.

Nchini Uingereza vituo vya halmashauri za miji vya kukusanya taka huzipokea bila malipo kutoka majumbani. Katika jimbo la California haziruhusiwi kutupwa jalalani, na tangu mwaka 2005 kila anayenunua runinga mpya hulipa ada ndogo ya kugharimia urejelezaji wa zile za zamani. Popote alipo, mwenye runinga hiyo asiifungue mwenyewe kutafuta vipuri: bomba la picha huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.