Kiolezo cha Kadi ya Mchango

Mpunga wa Madibira ukishavunwa na kuuzwa, na arusi zikaanza kufuatana juma baada ya juma, fundi wa steshenari huagizwa kadi za michango ambazo, kwa hakika yake, ni kadi moja: juu “Mhe/Dkt/Bw/Bi” na nukta za kujazwa jina la mchangiaji kwa kalamu, kati tangazo la familia juu ya kijana wao mpendwa, na chini nambari ya simu ya mweka hazina wa kamati. Hubadilika majina, tarehe na nambari hiyo tu. Mengineyo, tangu pambizo hata ua la pembeni, hayahitaji kuamuliwa tena, na ukurasa ulioamuliwa hivyo, ukaachiwa nafasi za kujazwa, ndio uitwao kiolezo.

Walakini wengi, kwa haraka, hufungua kadi ya arusi iliyopita wakafuta na kuandika juu yake, njia niionayo kuwa mbaya kuliko kuanza upya. Maana jicho husahihisha majina ya maarusi yaliyo makubwa, likaipita ile nambari ndogo, na michango ikamfikia mweka hazina wa arusi nyingine, ambaye pengine angali anadaiwa ukumbi. Sharti kadi isafishwe kwanza, kila nafasi itiwe maneno ya muda, mathalan JINA LA BIBI ARUSI, ili lililosahauliwa lijifichue lenyewe. Kisha ihifadhiwe kama kiolezo, na kila ifunguliwapo, programu italeta nakala isiyo na jina, asili ikasalimika.

Kwa kazi ya kurasa nyingi, kama taarifa ya mwaka ya chama cha ushirika, kuna ukurasa mama, ambao nembo au nambari ikiwekwa juu yake hutokea katika kurasa zote. Ndivyo ilivyokuwa katika programu ya PageMaker, iliyotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Paul Brainerd, Aldus, yenye jina la mpiga chapa wa Venice ambaye tangu 1501 alitoa vitabu vya kale kwa kipimo kimoja kidogo cha mkononi.

Violezo vijavyo tayari kutoka ng'ambo vina umbo zuri, ila havijui kamati wala mchango, na sanduku la jina limekatwa kwa kadiri ya John na Mary. Fundi wa Nyanda za Juu Kusini, kwenye akina Mwakipesile, hana budi kulijaribu kwa jina refu kuliko yote alijualo kabla ya kukihifadhi kiolezo.