Dawa Zimekwisha, Pumzi Haijarudi

Mgonjwa wa kifua kikuu akimaliza dawa za miezi 6 na makohozi yake yakapimwa na kuonekana safi, huandikiwa neno moja: amepona. Ndugu humshukuru Mungu, naye hurudi shambani au dukani. Lakini wapo ambao, kila wakipanda kilima na ndoo ya maji, husimama katikati ya njia, mikono kiunoni, wakitafuta pumzi. Bakteria hawamo tena. Kinachowatesa sasa ni pafu lenyewe.

Nao si wachache. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2020 walikuwapo duniani watu hai milioni 155 waliowahi kuugua kifua kikuu. Huko Blantyre, Malawi, watu 405 walichunguzwa mara tu walipomaliza dawa. Kwa takriban mmoja kati ya kila watatu, kipimo cha kupuliza hewa hakikuwa cha kawaida. Picha za CT zilionyesha kuwa zaidi ya 4 kati ya kila 10 walikuwa na njia za hewa zilizopanuka na kulegea, mahali ambapo makohozi hutuama na vijidudu vingine hupata makao.

Chanzo cha madhara haya ni kinga ya mwili. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480, vyenye kuta nyembamba mno. Bakteria wa kifua kikuu, ambao daktari Mjerumani Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, wakifika humo humezwa na seli walaji. Mara nyingi hawafi. Seli hizo hupiga mbiu kwa kemikali, seli nyingine za kinga humiminika kutoka kwenye damu, na mahali hapo huvimba. Huu si uvimbe wa saratani. Ni ule ule unaouona kidole kikichomwa na mwiba, kikawa chekundu na cha moto. Seli hujipanga kuwazunguka bakteria na kujenga boma liitwalo granuloma.

Boma hilo linahitajika sana. Mwaka 2001 madaktari waliripoti visa 70 vya kifua kikuu miongoni mwa watu waliotibiwa kwa infliximabu, dawa ya magonjwa kama baridi yabisi ambayo huzima TNF, mojawapo ya kemikali za mbiu. Mbiu ilipozimwa, boma lilibomoka na bakteria waliokuwa wamefungiwa wakatoka. Kwa hiyo hatuwezi kuuzima uvimbe ovyo.

Hata hivyo, wapiganapo fahali wawili nyasi huumia. Katika vita hivyo seli za kinga humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, nyuzi zinazolishikilia pafu kama fito zinavyoushikilia udongo wa nyumba. Zikikatwa nyingi, sehemu ya pafu huyeyuka na kuacha tundu.

Pafu lina mafundi wake. Katika kuta za vifuko kuna seli ambazo kila siku hutoa utelezi wa kuvizuia vifuko visijifunge. Ukuta ukiharibika, seli hizo hugawanyika na kuzaa seli nyembamba za kuukandika upya. Zikikuta fito zimesimama, kifuko kinaweza kurudi. Zikikuta fito zimekatwa, seli nyingine ziitwazo fibroblasti huziba pengo kwa kolajeni nzito. Nyumba haianguki, lakini chumba kimejaa udongo. Hilo ndilo kovu, na hewa haipiti kwenye kovu.

Kazi hii ya kubomoa na kujenga haikomi siku ya kidonge cha mwisho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na wenzao walichapisha matokeo ya picha za PET, ambazo huonyesha mahali seli zinapotumia sukari kwa wingi, ishara ya uvimbe. Wengi wa wagonjwa waliokwisha kuhesabiwa kuwa wamepona bado walikuwa na sehemu za pafu zinazofukuta.

Ndiyo maana swali limepanuka: licha ya kuua bakteria, tutaziokoaje fito? Nchini Singapore, wagonjwa 30 waligawanywa, wengine wakapewa antibiotiki iitwayo doksisaiklini na wengine dawa bandia kwa siku 14, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida. Kwa waliopata doksisaiklini, vimeng'enya vikatavyo kolajeni vilipungua na matundu yakawa madogo. Afrika Kusini, katika jaribio la watu 200, everolimasi, inayotumiwa na waliopandikizwa viungo, na dawa nyingine ya kutuliza uvimbe ziliwasaidia wagonjwa kupuliza hewa zaidi ifikapo siku ya 180. Haya ni majaribio madogo. Hayampi mtu ruhusa ya kwenda duka la dawa kujinunulia doksisaiklini.

Mbeya nayo imo katika safari hii. Mradi wa TB Sequel umewafuatilia wagonjwa wa Tanzania (huko Mbeya), Msumbiji, Gambia na Afrika Kusini ili kujua nani hubaki na madhara na kwa nini. Ujuzi huo unahitajika kliniki leo. Pafu lenye makovu huonekana baya kwenye eksirei kwa miaka mingi, na mtu anayekohoa kwa sababu ya makovu anaweza kurudishiwa dawa za kifua kikuu bila bakteria hata mmoja kuonekana.

Tumezoea kuupima uponyaji kwa makohozi. Tuongeze pumzi. Siku mgonjwa anapokabidhi kadi yake, apulize pia kwenye mashine ya kupima pumzi, namba inayotoka iandikwe, na anayepungukiwa afundishwe mazoezi ya kupumua na kupangiwa tarehe ya kurudi. Yule anayesimama katikati ya kilima alimeza dawa zake zote bila kukosa. Ametimiza sehemu yake, nasi tutimize yetu.