Mwezi wa tatu baada ya operesheni ya ngozi

Tarehe 20 Februari 2019 lori lililobeba asidi ya sulfuriki lilipata ajali katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kuja Kolwezi. Liligongana na basi, na asidi ikamwagikia watu. Karibu watu 20 walikufa. Habari za vifo zilifika hadi Ulaya. Habari za walioungua wakabaki hai hazikusikika sana, maana kupona kwa mtu aliyeungua hakuna siku moja ya kutangazwa.

Malori ya asidi yanaendelea kupita katika Lualaba, kwa sababu asidi hiyo ndiyo inayotumika kutoa shaba na kobalti katika mawe. Na si ajali za barabarani tu. Kuna watoto wanaoangukia mbabula ya makala, mama aliyemwagikiwa mafuta ya moto, kijana aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, dada mwenye keloidi kubwa kwenye sikio. Wengi wao, wakipata nafasi, wanafanyiwa operesheni ya kurekebisha ngozi au uso. Majirani wengine huiita operesheni ya urembo, kana kwamba mtu amekwenda kujipendezesha. Lakini mtu ambaye shingo yake imeshikwa na kovu hata hawezi kuinua kichwa hatafuti urembo. Na hata yule anayetaka tu uso ambao watu hawataukimbia, sioni dhambi yake iko wapi.

Makala hii inahusu yanayofuata, akisha kurudi nyumbani.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapotoka hospitali ni hili: kovu huwa baya zaidi kabla halijawa zuri. Siku ya kutoa nyuzi, mstari ni mwembamba na laini, na familia inashangilia. Baada ya wiki chache mstari uleule unaanza kuinuka, unakuwa mgumu, unawasha usiku, unakuwa mwekundu au mweusi kuliko ngozi ya kando yake. Kwa wengi hali hiyo inafika kilele kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema munganga ameharibu kazi, mwingine anasema kuna mtu nyuma ya jambo hili, mwingine anauliza kama mgonjwa aliomba kwa imani. Mgonjwa mwenyewe anaacha kuja ibadani.

Kumbe mwili unafanya kazi yake. Kidonda kinapotokea, mwili una haraka ya kukifunga, kama fundi anayeziba ukuta uliobomoka huku mawingu ya mvua yamekusanyika. Anatumia matofali yoyote aliyo nayo, anayarundika bila kuyapanga. Matofali hayo ni nyuzinyuzi zinazoitwa kolajeni. Ukuta ukisha kufungwa, fundi anarudi polepole, anaondoa yaliyozidi na kuyanyoosha yaliyobaki. Kazi hiyo ya pili inachukua mwaka mmoja, mara nyingine mwaka na nusu au zaidi. Wiki ya tatu kovu lina nguvu ipatayo robo tu ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya miezi mitatu linakaribia asilimia 80, na halitapita hapo sana. Ndiyo maana kijana aliyeshonwa mgongo au bega haruhusiwi kubeba magunia ya mawe wiki ya nne, hata kama haoni maumivu tena.

Hapa nina neno kwa wachungaji. Tunapenda ushuhuda, na ni vizuri. Lakini tumekuwa na haraka ya kumsimamisha mtu mbele Jumapili ya pili baada ya operesheni, uso ukiwa bado laini, watu wakipiga vigelegele. Miezi mitatu baadaye uso uleule umevimba, na ule ushuhuda umekuwa mzigo kwake: anaona amewadanganya watu, au Mungu amegeuka. Tumwache angalau mwaka upite. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Walioungua sana mara nyingi huwekewa kipande cha ngozi kilichotolewa sehemu nyingine ya mwili wao, kwa kawaida pajani. Ni vema familia ielewe namna kipande hicho kinavyoishi. Siku mbili za kwanza hakina damu yake. Kinanyonya tu majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Kuanzia siku ya tatu hivi mishipa midogo ya damu inaanza kuungana nacho. Kikisogea kabla ya hapo, mishipa inakatika. Damu au maji yakikusanyika chini yake, hakifikiwi na chakula na kinakufa. Kwa hiyo munganga anaposema mkono usiguswe na bandeji isifunguliwe hadi siku ya tano, hasemi hivyo kwa ukali. Nimeona wageni wa hospitali wakifunua bandeji ili waone. Tafadhali, tusifanye hivyo.

Paja lililotolewa ngozi linaweza kuuma kuliko kidonda chenyewe. Hilo linawashangaza wengi, lakini ni kawaida, na kwa ngozi nyembamba linafunga katika wiki mbili hivi.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani, na ni kazi ya kuchosha. Ngozi iliyopandikizwa, na kovu lolote la moto, hupenda kujikunja. Likiwa kwenye kiwiko, mkono unafungwa ukiwa umekunjwa; likiwa vidoleni, vidole vinakuwa ngumi; likiwa shingoni, kidevu kinashuka kifuani. Dawa yake ni kunyoosha kila siku, mara kadhaa, hata mtoto akilia, na kuvaa kile kibao cha kushikilia kiungo usiku kama kimetolewa. Mtoto anapenda kukaa amejikunja kwa sababu ndivyo anavyosikia nafuu, na mama anamhurumia. Huruma hiyo ndiyo inayomrudisha mtoto chumba cha operesheni. Kama hospitali ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama amwombe amfundishe kabla ya kutoka, na arudie mbele yake mpaka ajue.

Kidonda kikisha kufunga kabisa, kovu lisuguliwe kwa kidole na mafuta yasiyo na manukato, dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Pia likingwe na jua. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari na jua lake ni kali hata wakati wa baridi ya Juni. Kovu changa likichomwa nalo linabaki na doa jeusi. Kofia pana au kitambaa kinatosha. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za migodi linaingia kila mahali, na kidonda ambacho bado kiko wazi kinahitaji kufunikwa.

Chakula kinasahauliwa. Mwili hauwezi kujenga ngozi kwa bukari peke yake. Unahitaji maharagi, karanga, mayai, samaki, hata zile kapenta ndogo zinazouzwa kwa kipimo sokoni, pamoja na sombe na matunda. Mtu aliyeungua sehemu kubwa anahitaji kula zaidi ya alivyokuwa akila akiwa mzima. Kwa hiyo kikundi cha akina mama kinachokwenda kumtembelea mgonjwa na kumpelekea mayai kimefanya sehemu ya matibabu. Sigara na tumbako ya kunusa ziachwe, maana nikotini inabana mishipa midogo ileile ambayo ngozi mpya inaitegemea.

Sasa jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Wengi katika miji yetu, wanawake kwa wanaume, wanatumia krimu za kujichubua. Nyingi zina hidrokinoni, au dawa kali ya jamii ya steroidi kama klobetasoli, au hata zebaki. Steroidi ikipakwa kwa miaka inaifanya ngozi kuwa nyembamba: nyuzi zinaichana, kidonda kinachelewa kufunga, na vijidudu vinapata njia. Mwambie munganga kabla ya operesheni, hata kama mume au mama mkwe hajui. Usiiache ghafla pia bila kumwambia, kwa sababu aliyeipaka mwili mzima kwa muda mrefu, mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe ya kukabili mshtuko, na mkazo wa operesheni unaweza kumwangusha. Na usiipake juu ya kovu jipya ili lifanane na ngozi nyingine.

Vilevile majivu, dawa ya meno, na ule unga wa vidonge vya antibiotiki vinavyofunguliwa na kumwagwa kidondani: vyote hivyo vinamchelewesha mgonjwa. Msamaria wa Injili ya Luka alitumia mafuta na divai, ndivyo walivyokuwa navyo. Mimi hunitazamisha zaidi kwamba alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha na kuahidi kurudi.

Kuhusu keloidi, tofauti na kovu la kawaida ni hii: kovu lililovimba linabaki ndani ya mipaka ya jeraha na kwa miezi linashuka, lakini keloidi inavuka mipaka na kuendelea kukua. Watu weusi tunaipata zaidi, hasa kwenye masikio, kifua, mabega na taya. Kuikata tu haitoshi, maana mara nyingi inarudi, na wakati mwingine kubwa kuliko mwanzo. Munganga anayeijua ataongeza sindano za dawa ndani ya kovu kwa miezi kadhaa. Kabla ya kukubali kisu, uliza nini kitafuata baada ya kisu.

Rudi hospitali bila kungoja siku ya miadi ukiona homa, usaha, harufu, damu isiyokoma, kipande cha ngozi kinachogeuka cheusi, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yakaanza kupanda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa mkono, usikie kama pembeni ya kidonda pana joto na pamekaza.

Katika vita vya pili vya dunia daktari Archibald McIndoe alitibu marubani walioungua nyuso, katika mji mdogo wa East Grinstead huko Uingereza. Wengine walifanyiwa operesheni nyingi kwa miaka. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda umoja wao, Guinea Pig Club, wakijitania kwamba wao ni wanyama wa majaribio, na mwisho wa vita walikuwa wanachama 649. McIndoe aliwaomba wenyeji wa mji wawapokee vijana hao kama watu wengine na kuwaalika nyumbani, na East Grinstead ikapata sifa ya kuwa mji ambao watu wake hawakodoi macho. Katika Dilala na Manika tunaweza kuanza na benchi la kanisa: mwangalie machoni, mwulize habari za watoto, mpe kitabu cha nyimbo. Usimwulize kama panauma.

Kama baada ya mwaka kovu bado linamsumbua, ndipo wapasuaji wengi hufikiria kulirekebisha tena. Hawangoji mwaka kama jicho halifungi, mdomo haufunguki vya kutosha kula, au mtoto anakua na kovu linamvuta. Huyo apelekwe sasa, hata kama ni safari ya kilomita 300 hadi Lubumbashi, na sadaka ya nauli ikusanywe kabla.