Uwanja wa Wathi: Ngoma na Fikra za Siasa katika Jamii ya Akamba

Akamba, ambao makao yao ya asili yameenea katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, hawakuwa na desturi ya kutenganisha sanaa na uongozi, na kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa jinsi jamii hii ilivyofikiri kuhusu haki, wajibu na utawala hana budi kuanzia kwenye uwanja wa wathi, jina linalojumuisha wimbo pamoja na ngoma inayochezwa kwa wimbo huo. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa katika nchi kavu inayozunguka Salama, mji mdogo wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, na ndivyo ilivyokuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui.

Msingi wa maisha ya Akamba ulikuwa utui, yaani ujirani wa kaya kadhaa zilizoshirikiana katika kazi, ibada na maamuzi. Utui ulikuwa na nzama, ambayo ni baraza la wazee, na ulikuwa na ithembo, mahali patakatifu palipotolewa sadaka kwa aimu, yaani roho za wahenga. Vijana na wanawake hawakuketi katika nzama, lakini haifai kudhani kwamba hawakuwa na sauti, kwa sababu walikuwa na nyimbo, na miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo myali, tungo za kejeli zilizolenga kumrudi mkosaji mbele ya watu. Mtunzi wa myali angeweza kumsema mchoyo, mume mkatili au mkuu aliyejisahau, na mara nyingi alifanya hivyo bila kumtaja, kwa mafumbo ambayo aliyelengwa aliyatambua na majirani zake wakayatambua kabla yake. Kiitikio kilichukuliwa na uwanja mzima, hivyo kwamba shutuma iliyoanza kinywani mwa mtu mmoja iligeuka kuwa hukumu ya wote, na hapakuwa na mtu mmoja wa kushtakiwa kwa kuitamka.

Kilumi kilikuwa na uzito wa namna nyingine. Hii ni ngoma ya ibada, iliyoongozwa hasa na wanawake wa makamo na wazee, ikachezwa ili kuomba mvua, kuponya wagonjwa na kuzungumza na aimu, huku ngoma ndefu za gogo lililotobolewa na kuwambwa ngozi zikipigwa bila kukatizwa mpaka mchezaji apandwe na roho na aanze kusema maneno ambayo si yake. Mwanamke aliyepandwa aliweza kudai jambo ambalo siku nyingine asingethubutu kulidai, na wazee walilazimika kumsikiliza. Watawala wa Kiingereza waliitambua nguvu hiyo kwa hofu. Mnamo 1911, mwanamke aliyeitwa Siotune wa Kathuke aliongoza katika Machakos wimbi la ngoma za kupandwa na roho lililoenea kwa kasi kiasi kwamba amri za serikali zilianza kupuuzwa, na jibu la serikali lilikuwa kumwondoa Ukambani kwa nguvu pamoja na mwenzake Kiamba. Serikali ambayo ingeiona ngoma kuwa mchezo tu isingekuwa na sababu ya kumhamisha mchezaji.

Desturi ya tatu inayostahili kutajwa ni mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga na, hasa kuanzia miaka ya 1950, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya Machakos na Makueni. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta ajira mijini, mwethya ulibebwa zaidi na wanawake, na nyimbo zao zilipanga mapigo ya majembe, zikimsifu mwenye bidii na kumchoma aliyechelewa kufika shambani.

Mazoea hayo ya kukusanyika yanasaidia kueleza tukio kubwa la 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwanyang'anya Akamba ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuhifadhi ardhi, ilhali ng'ombe ndio waliokuwa mahari, akiba na heshima ya kila kaya. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association walikusanya umati wa wanaume, wanawake na watoto, ambao walikwenda Nairobi, wakapiga kambi na kukaa kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana ana kwa ana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini unyang'anyi wa lazima wa mifugo ulisimamishwa. Wanahistoria hueleza tukio hilo kwa kutaja chama na viongozi wake, na wana haki, lakini umma mkubwa kiasi hicho haukai kwa utulivu mbali na kwao bila kuwa umezoea muda mrefu kukaa pamoja, kugawana kazi na kuitikia sauti moja.

Umoja huo wa ngoma na fikra haukufuatwa kila mahali. Miaka mingi baadaye, Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi lilipofanyika Dakar mnamo Aprili 1966, na lile la Lagos la 1977 lililojulikana kama FESTAC, waandaaji waliweka ngoma na maonyesho upande mmoja na makongamano ya wasomi upande wa pili. Mpango huo ulileta heshima kubwa kwa Afrika na kwa watu weusi waliotawanyika duniani. Hata hivyo, mgawanyo wa namna hiyo ungekuwa mgeni kwa mwanamke wa kilumi, ambaye kwake kucheza na kutoa hoja lilikuwa tendo moja.

Mgawanyo huo sasa umekwisha kufika Ukambani. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na ngoma za Akamba, zinazosifika kwa firimbi, miruko na sarakasi, huchezwa shuleni na katika sherehe za kitaifa, ambako vikundi hupewa dakika chache kabla ya hotuba na kutarajiwa kuimba sifa za wageni waalikwa. Mruko umehifadhiwa kwa uangalifu, ilhali kejeli imeachwa nje ya uwanja, na hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa. Kazi ya myali imehamia kwingine, hasa kwa wanamuziki wa benga ya Kikamba wa kizazi cha Kakai Kilonzo na waliomfuata, ambao magitaa yao husikika katika vituo vya redio kama Musyi FM, yakisimulia ndoa zilizovunjika, ahadi za wanasiasa na deni lisilolipwa, na wasikilizaji hubishana baina yao ni nani aliyeimbwa.