Theluji nzito: kazi ya nyumbani inayoutesa moyo

Katikati ya Novemba 2022, dhoruba iliyotokea Ziwa Erie ilivifunika vitongoji vya kusini mwa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani. Orchard Park peke yake ilipata theluji ya kimo cha takriban mita mbili katika siku chache. Vifo vya kwanza kutangazwa na uongozi wa kaunti vilikuwa vya watu wawili ambao mioyo yao ilizidiwa wakiondoa theluji. Buffalo ni mji wenye wakazi wengi kutoka Kongo na Burundi wanaozungumza Kiswahili, na wengi wao wamekulia mahali ambapo kazi hii haipo kabisa.

Theluji ikizidi, shule hufungwa na barabara hazipitiki. Mwenye nyumba aliyebaki ndani huanza kupanga ukarabati: leo atapaka rangi chumba cha watoto, atatundika rafu jikoni, ataziba bomba linalovuja. Theluji ya mlangoni anaiona ni usumbufu wa kumalizwa mbiombio kabla ya chai. Hapo ndipo anapokosea, kwa kuwa katika orodha yake yote hakuna kazi nzito kama hiyo.

Tupige hesabu. Njia ya gari yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, ikifunikwa na theluji ya sentimita 30, inabeba mita za ujazo 18. Theluji kavu iliyoanguka punde huweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo. Hapo tayari pana kilo 1,800. Ikiwa ni ile nzito ya majimaji, mzigo huo huweza kupita tani nne. Wote unainuliwa kwa mikono, beleshi moja baada ya jingine.

Mwaka 1995, watafiti wa Michigan wakiongozwa na Barry Franklin walitoa matokeo ya jaribio lililowahusu vijana 10 wa kiume, wenye afya njema lakini wasiofanya mazoezi. Walipewa mabeleshi wakaambiwa waondoe theluji nzito. Dakika mbili tu zilitosha kuyafikisha mapigo ya moyo wao juu ya asilimia 85 ya kiwango cha juu kabisa ambacho moyo unaweza kustahimili. Walipotumia mashine ya kurusha theluji, mapigo yalikuwa chini zaidi.

Kwa nini kazi hii iwe kali hivyo? Kwanza, inategemea mikono, na kazi ya mikono hupandisha presha na mapigo kuliko kazi hiyohiyo ikifanywa na miguu. Pili, miguu imesimama pale pale, hivyo misuli yake haisaidii vya kutosha kuirudisha damu moyoni. Tatu, mtu anayenyanyua mzigo hubana pumzi bila kujua, na presha huruka ghafla. Nne ni baridi yenyewe: mishipa ya damu hujibana, ikiwemo ile inayoulisha moyo. Kwa hiyo moyo unadai oksijeni nyingi wakati ambapo njia ya kuifikisha imesinyaa.

Utafiti wa Quebec, Kanada, uliopitia takwimu za 1981 hadi 2014 ulibaini kwamba siku moja baada ya theluji ya sentimita 20 kuanguka, uwezekano wa wanaume kufa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa juu kwa asilimia 34 ukilinganisha na siku isiyo na theluji. Takwimu hizo hazikuonyesha nani alishika beleshi, ila watafiti waliishuku kazi hiyo.

Mwenye presha, aliyewahi kuugua moyo, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi amwachie kijana wa jirani au amlipe mwenye mashine ya kurusha theluji. Mwenye afya anyooshe viungo kwanza akiwa ndani, asitoke mara baada ya kushiba, kuvuta sigara au kunywa pombe. Sukuma theluji badala ya kuinyanyua. Ikilazimu kunyanyua, jaza beleshi nusu, kunja magoti, usizungushe kiuno, na toa pumzi unaporusha. Pumzika ndani mara kwa mara. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanapanda taya au mkono, au kijasho chembamba kinakutoka, acha hapo hapo na upige 911.

Mashine nayo ina hatari zake. Ikiziba, izime na uizibue kwa kijiti, kamwe si kwa mkono, maana mapanga yake yanaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Kagua pia bomba la kutolea moshi la hita na la gari. Januari 2016, huko New Jersey, mama na watoto wake wawili walikufa kwa gesi ya kaboni monoksaidi baada ya kukaa ndani ya gari lililokuwa likiunguruma, bomba lake likiwa limezibwa na theluji, huku baba akiendelea kuiondoa nje.

Ukipumzika, tazama paa ukiwa chini. Mahali theluji inapoyeyuka mapema kuliko kwingine, mara nyingi joto la nyumba linavuja kupitia dari. Maji hayo huganda tena ukingoni, yakazuia yanayofuata, mwishowe yakaingia ndani. Hilo ndilo la kuandikwa juu kabisa kwenye orodha ya ukarabati, lifanywe hali ya hewa ikitulia.

Rangi na rafu zinaweza kungoja wiki ijayo. Kama una presha, weka beleshi chini na umpigie jirani simu leo.